Filimbi ya Chidambar na Meno Mawili ya Mbele

Nina miaka sabini na saba kamili na bado natembea kutoka nyumbani hadi kituoni bila fimbo. Wakuu wa kituo tisa wamekuja na kuondoka mbele ya macho yangu, na watano kati yao nimehudhuria mazishi yao. Mtambo wa kwanza wa kurushia matangazo umekufa, mimi nipo. Mafuriko yaliyoangusha ukuta wa nyuma yalipita, mimi nipo. Tanpura nne zimepasuka matumbo mikononi mwangu, mke wangu ametangulia, meno yangu yamekwenda yote isipokuwa manne, na mimi nipo. Naanza na hayo ili msomaji ajue kwamba anayemweleza habari za Chidambar Hungund si mtu aliyesimuliwa.

Chidambar anastaafu Alhamisi, tarehe 31 Julai 1997, baada ya kulitumikia jengo letu hili la redio, hapa Navilkere, kwa miaka thelathini na saba na miezi miwili. Kazi yake ilikuwa moja tu, kupuliza filimbi ya mwanzi. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma yake na tanpura, kile chombo kirefu chenye tumbo la kibuyu na nyuzi nne, nikivumisha ile sauti moja isiyokatika ambayo filimbi husimama juu yake kama mtu asimamavyo sakafuni. Watu huisifu filimbi. Sakafu hawaisemi. Leo naisema mimi.

Mimi mwenyewe nilistaafu kwenye karatasi miaka kumi na saba iliyopita. Wakajaribu watu wawili kwenye tanpura zangu. Wa kwanza alikata uzi. Wa pili alikata uzi na kulia. Wakaja kunigongea mlango, na hadi leo nipo.

Bibi Shantamma wa ofisini alitaka kuiandika habari hii yeye, kwa kuwa amesoma. Nikamwuliza, dada, mwaka 1960 ulikuwa wapi? Akasema alikuwa hajazaliwa. Basi, nikasema, nipe karatasi. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, na darasa la tatu la zamani lilikuwa darasa kweli. Nimeandika kwa siku tisa kwa penseli. Yeye amepiga taipu tu, nami nimesimama nyuma yake kuhakikisha hageuzi neno.

Chidambar alizaliwa Kadlimatti, kijiji cha wasuka matenga. Baba yake alipasua mianzi, mama yake alisuka, na mtoto alitakiwa kupasua kama baba yake. Badala yake alikuwa akificha vile vipande vyembamba vya mwisho, visivyofaa hata kwa ungo, anakwenda nyuma ya nyumba kuvitoboa kwa msumari uliopashwa moto. Baba alipoona moshi akadhani mtoto anavuta bidi, zile sigara ndogo za jani. Akamchapa kwa ajili ya bidi. Alipojua kuwa ni filimbi akamchapa tena kwa ajili ya mwanzi.

Alipofika miaka kumi na mmoja alipelekwa kwa Pandit Anantrao Jogalekar. Nikilitaja jina lake nashika sikio kwa heshima, na wewe msomaji shika lako. Pandit alikuwa mwimbaji. Filimbi hakuijua hata upande wa kupulizia, na hakuona haya kusema. Alimwambia, "Mimi sijui kupuliza, wewe hujui kuimba. Nitakufundisha kuimba, halafu shauri lako wewe na mwanzi wako."

Masomo yalikuwa zizini. Pandit alikuwa na nyati wa maziwa aitwaye Gauri, na kila alfajiri, yeye akikamua, Chidambar alikaa kando akipuliza sauti moja tu, Sa, sauti ya msingi, mpaka ndoo ijae. Mwaka mmoja na nusu, sauti moja. Siku moja mtoto akashikwa na homa, akalala kwao. Nyati akabana maziwa. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mke wa Pandit alitembea hadi Kadlimatti, ndoo tupu mkononi, akasimama mlangoni kwa wasuka matenga na kusema, "Mama Chidambar, mtoto anaumwa, pole sana. Lakini kama anaweza kukaa anaweza kupuliza. Nyumba nzima tunakunywa chai nyeusi."

Mpaka leo ukimwuliza ile pumzi yake ndefu aliipata kwa nani, hasemi kwa guru, mwalimu wake. Anasema kwa nyati.

Alikuja kituoni tarehe 1 Juni 1960, kijana wa miaka ishirini na mitatu, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu, filimbi saba zimefungwa kwenye kitambaa cha sari ya mama yake. Siku hiyohiyo tukagombana. Mimi nilikuwa nimeziweka nyuzi zangu sawa na ngoma za Hanumantappa Gaddi, mpiga tabla wetu, kama nilivyofanya kwa miaka tisa. Kijana akapuliza mara moja, akageuka, akasema, "Kaka, tanpura iko chini."

Chini! Mimi!

Nikamwambia, "Filimbi yako ndiyo iko juu. Ishushe."

Akasema, "Mwanzi haushuki, kaka. Nyuzi zako ndizo zina funguo."

Jambo lenyewe, kwa wasiojua, ni kwamba mwanzi hupanda sauti ukipata joto. Asubuhi uko hapa, mchana uko pale, na pumzi ya mpulizaji inaupandisha zaidi. Mwenye nyuzi ndiye anayepaswa kumfuata. Nililijua hilo. Ila sikupenda kuambiwa na mtu mwenye pasi upande mmoja. Siku kumi na moja hatukusemeshana. Tulipiga pamoja kila siku, kila mtu na sauti yake, na waliosikiliza siku hizo nawaomba radhi leo. Siku ya kumi na mbili Hanumantappa alichukua nyundo yake ndogo, akazikaza ngoma zikawa katikati yetu, si kwangu wala si kwake. Tulipoanza ikawa ni balaa la pande tatu. Hanumantappa akaweka nyundo chini. "Sasa sote watatu ni wajinga," akasema. "Nani anaanza kupata akili?"

Nikaanza mimi. Yaandikwe hayo. Nilizipandisha nyuzi hadi kwenye filimbi, na tangu siku hiyo sijawahi kuambiwa tena kwamba niko chini.

Mafanikio yake ni mengi na sitayataja yote, karatasi ya Bibi Shantamma ina mwisho. Ule wimbo mfupi unaofungua kipindi cha wakulima ni wake, na ng'ombe wa wilaya nzima wanaujua. Mwaka wa mafuriko, msomaji wa taarifa alikwama ng'ambo ya maji, na Chidambar akapuliza dakika hamsini asubuhi ile bila kurudia mapambo yake hata mara moja, mpaka yule bwana akafika juu ya mkokoteni wa ng'ombe, suruali mkononi. Amefundisha watu thelathini na wanne, na kumi na mmoja kati yao wanaishi kwa filimbi. Ameitwa kupiga Pune, Kolkata, na mara moja Delhi. Kule Delhi alirudi analalamika kwamba chai ni maji.

Na hakuwahi kuivunja saa ya raga, ule mpangilio wa sauti ambao kila wimbo wetu hujengwa juu yake. Kila raga ina saa yake, ya alfajiri ni ya alfajiri na ya machweo ni ya machweo. Mwaka mmoja alikuja ofisa mkubwa wa wilaya saa tisa mchana, akataka apigiwe Bhairav. Mkuu wa kituo wa wakati ule alikuwa akitoa jasho. Chidambar akaunganisha viganja akasema, "Mheshimiwa, Bhairav ni ya alfajiri. Njoo saa kumi na mbili asubuhi, nitakuwa nimeoga." Sote tulidhani kazi imekwisha. Kesho yake saa kumi na mbili kasorobo gari la ofisa lilikuwa getini. Alisikiliza, akalia kidogo, akala bisi za mchele na pilipili pamoja nasi, akaenda zake.

Sasa nafika kwenye jambo la mwaka huu, ambalo wengine wangependa nilipite. Silipiti. Bila hilo hamtajua mnamuaga mtu gani.

Tarehe 14 Januari ilikuwa Sankranti, sikukuu ya mavuno. Kama desturi, kila mtu anampa mwenzake ufuta na sukari guru, na kumwambia ale kitamu aseme vitamu. Mkwe wangu alikuwa ameniambia asubuhi, "Baba, hiyo sukari guru ni ya mwaka juzi, imekuwa jiwe, nunua nyingine." Nikamwambia sukari guru haizeeki. Nikaja nayo kituoni. Nikampa Chidambar kipande, nikamwambia ale kitamu aseme vitamu. Akakiuma.

Meno mawili ya mbele ya juu yalikatika pamoja. Aliyatema kiganjani, akayatazama, akanitazama mimi. Halafu akasema kwa sauti yenye upepo, "Kaka Ningappa, asante kwa kitamu."

Watu wengine wakipoteza meno ya mbele wanapoteza sura. Mpuliza filimbi anapoteza kazi. Mdomo wa juu unaegemea meno ili uukate upepo vyema kwenye tundu, na ukikosa pa kuegemea upepo unatawanyika. Alijaribu jioni ile tukiwa wawili studioni. Filimbi ilitoa sauti ya birika linalokaribia kuchemka. Akaifunga kwenye kitambaa polepole, akasema tusimwambie mtu.

Lakini Jumapili ya tarehe 19, saa moja asubuhi, alikuwa na kipindi cha moja kwa moja. Hapo ndipo nilipopata akili yangu kubwa. Kwenye chumba cha kanda kulikuwa na kanda ya mwaka 1989, Chidambar akipiga Todi, raga ya asubuhi, dakika thelathini safi kabisa. Saa inafaa, raga inafaa, tanpura ni yangu. Nilimshika mkono fundi wa mitambo, ambaye ana moyo mzuri na jina lake silitaji, na Jumapili ile Chidambar na mimi tulikaa studioni mikono mapajani huku mji mzima ukisikiliza kanda, mtangazaji ametangulia kusema kwamba ni moja kwa moja.

Nilifikiria kila kitu isipokuwa kimoja. Ngoma kwenye kanda ile zilikuwa za Hanumantappa, na Hanumantappa alifariki mwaka 1994.

Hata hapo labda tungepona, maana ngoma ni ngoma. Ila Hanumantappa alikuwa na tabia yake. Filimbi ikizunguka ikizunguka, halafu ikatua pamoja na ngoma kwenye pigo la kwanza, yeye hakuweza kunyamaza. Alitoa sauti, "Bhale!", yaani vyema kabisa. Wakuu wa kituo saba walimkataza. Mji wote uliijua "Bhale!" ya Hanumantappa, watoto waliiigiza wakirusha gololi. Basi dakika ya nne, filimbi ikatua, na redio zote za Navilkere, kwenye maduka ya chai, kwa vinyozi, majikoni, zikasema "Bhale!" kwa sauti ya mtu ambaye maiti yake ilichomwa miaka mitatu iliyopita.

Nilimtazama Chidambar. Chidambar alikuwa ameinamisha kichwa. Dakika ya saba, "Bhale!" Dakika ya tisa, mara mbili.

Simu ya ofisini ililia mpaka ikachoka. Kinyozi wa sokoni alimkata mteja sikio. Na kipindi hakijaisha, getini alikuwa amesimama Gangavva, mjane wa Hanumantappa, unga wa mtama bado mikononi.

Mkuu wetu wa sasa, Bwana Mathur, ni mtu wa Lucknow, mstaarabu. Hanywi chai bila kisahani. Alitoka nje mwenyewe. "Mama, samahani sana, kumetokea kosa."

"Sikuja kwa kosa," Gangavva akasema. "Nimekuja kumsikia. Redio yangu betri imeisha dakika ya tisa. Bado yumo?"

Bwana Mathur alimwingiza, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe mpaka kanda ikaisha. Hilo namsifu. Kisha akatuita sisi wawili. Nikasema kosa ni langu, sukari ni yangu, kanda niliitoa mimi. Akasema analijua hilo, hakuna mwingine jengoni mwenye kichwa cha namna hiyo. Nikamshukuru. Lakini akamgeukia Chidambar, akamwita kwa jina la heshima la wanamuziki.

"Panditji, nakuheshimu. Lakini wewe ni mpuliza filimbi wa kituo hiki, na filimbi haipigwi. Nakupa mpaka tarehe 31 Machi. Ukipiga moja kwa moja mbele ya kipaza sauti, hatuna neno. Usipopiga nitaandika kwamba hufai tena kwa muziki, na miezi minne iliyobaki utakaa chumba cha kanda kupangusa vumbi."

Gangavva alikuwa bado kitini. Akasema, "Bwana mkubwa, mume wangu amekuja kazini leo, miaka mitatu baada ya kufa. Huyu aliye hai ndiye mnamtoa?"

Bwana Mathur alimwagizia chai, pamoja na kisahani. Ila tarehe ilibaki palepale.

Tulitoka hadi barazani. Chidambar alikaa ngazini, kitambaa cha filimbi mapajani. Sijawahi kumwona hivyo, hata alipozika baba yake. Akasema, "Kaka, niliingia mlango huu na filimbi. Nikitoka na kitambaa cha vumbi, miaka yote thelathini na saba itakuwa ya kitambaa cha vumbi." Nilikuwa nafikiri.

Daktari wa meno ni Leelavati Kamat, juu ya duka la vyombo vya shaba. Mama huyu ana mikono miepesi. Kufikia katikati ya Februari alikuwa ameng'oa mizizi, fizi zikapona, na mapema Machi akamtengenezea meno mawili ya bandia, meupe, yamenyooka kama askari wa gwaride. Chidambar alipotabasamu alionekana kama mwigizaji wa sinema. Alipopuliza, ilikuwa kama mtu anapuliza uji wa moto.

Daktari akasema, "Meno yamekaa vizuri sana, mzee. Utazoea."

Nikamwambia, "Mama, wewe unayapima kwa macho. Haya yanapimwa kwa sikio."

Kesho yake asubuhi nilipanda ngazi zile na tanpura begani, ngazi ishirini na mbili, nina miaka sabini na saba. Wagonjwa walikuwa wamekaa mstari, mashavu yamevimba. Daktari akaniona mlangoni. "Babu, hiki ni chumba cha meno, si ukumbi wa harusi."

"Kama ni cha meno basi tuko mahali penyewe," nikasema, nikakaa chini, nikaweka nyuzi sawa.

Basi ikawa hivyo. Daktari anapiga tupa kidogo nyuma ya jino, Chidambar anayavaa, anapuliza Sa juu ya tanpura yangu, sote watatu tunasikiliza. Anayavua, tupa tena. Siku ya kwanza sauti za chini zilirudi. Siku ya pili za katikati. Mzee mmoja mwenye jipu la fizi alisema maumivu yake yamepungua, asiitwe kwanza. Daktari mwenyewe alianza kusema, "Bado, bado, hiyo ina upepo," kabla yangu. Lakini sauti za juu hazikuja. Tulikwenda wiki tatu. Zikiguswa zilipasuka, na Todi bila sauti za juu ni nyumba bila paa. Tarehe 27 Machi daktari aliweka tupa mezani. "Nikipunguza tena yatavunjika. Nisameheni. Mimi nimefika mwisho."

Chidambar alimshukuru, akaenda nyumbani. Mimi sikwenda nyumbani, kwa sababu nyumbani kuna mkwe wangu, naye angesema habari ya sukari guru. Nilikwenda kwa Gangavva kunywa chai.

Ukutani kwake kuna picha ya Hanumantappa yenye shada la maua, kama ilivyo kwa kila marehemu. Nilikuwa nimeiona mara mia. Siku hiyo nilikaa mbele yake kikombe mkononi, na upepo ukalisogeza shada, na pembeni ya Hanumantappa nikamwona mtu mwingine, amefungua kinywa chote akicheka.

"Gangavva," nikasema, "huyo si Chidambar?"

"Ndiye. Walipigwa picha pamoja mwaka 1971."

"Dada, umemvisha shada mtu aliye hai?"

"Sikumvisha! Nililivuta upande wa mume wangu. Ni upepo unalisogeza."

"Miaka mitatu umemtundika na shada la wafu! Halafu tunajiuliza meno yamekatika kwa nini!"

"Meno yamekatika kwa jiwe lako, mzee. Usinisingizie maua yangu. Na sikutaka kuikata picha. Mume wangu hakupenda kukaa peke yake."

Nilikuwa nafungua kinywa nimjibu vizuri, ndipo nikaona. Chidambar wa pichani, anayecheka, meno yake ya mbele hayakunyooka hata kidogo. Lile la kushoto limelala juu ya la kulia, na kona yake imemeguka. Miaka thelathini na saba nimekaa nyuma ya mtu huyu, nimekula naye, nimecheka naye, na sikukumbuka kwamba meno yake yalikuwa mabaya. Pumzi ile ya nyati ilikuwa imejifunza kupita kwenye meno mabaya. Tulikuwa tumempa mazuri.

Gangavva aliishusha picha mwenyewe, akatoa shada, akaliweka juu ya redio. Tulipanda ngazi ishirini na mbili sote wawili. Daktari alikuwa anafunga.

"Mama," nikasema, "tunataka meno mabaya."

Aliitazama picha, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akatafuta miwani ya kukuzia. Halafu akasema, "Miaka ishirini na miwili natengeneza meno, hajawahi kutokea mtu kuniomba nimharibie." Akavaa koti lake tena.

Jumatatu, tarehe 31 Machi, saa moja asubuhi, Chidambar alikaa mbele ya kipaza sauti. Mimi nyuma yake. Kwenye tabla alikaa bwana wa sasa, aliyeshika nafasi ya Hanumantappa, mkimya, mikono safi. Bwana Mathur alisimama nyuma ya kioo bila chai. Gangavva aliomba kukaa ndani, akaambiwa akae ukutani asipumue.

Alianza Todi kutoka chini kabisa. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni anayepanda ngazi, moja, moja. Chini zote zipo. Katikati zote zipo. Akasimama hapo muda mrefu, akizunguka chini ya ile sauti ya juu bila kuigusa. Kisha akapanda. Akaigusa, akakaa juu yake, haikupasuka. Akakaa tena, muda wa kujaza ndoo.

Ngoma zikaingia. Filimbi ikazunguka, ikazunguka, ikatua pamoja nazo kwenye pigo la kwanza, sawasawa kabisa, na pale ambapo kwa miaka thelathini na minne palikuwa na sauti ya mtu, pakawa wazi. Yule bwana wa sasa hasemi. Pakawa kimya kidogo sana, ambacho msikilizaji wa nyumbani asingekitambua.

Na kutoka ukutani Gangavva akasema, "Bhale!"

Ilitoka kwenye redio zote za Navilkere. Kinyozi safari hii hakumkata mtu.

Bwana Mathur aliandika kwenye daftari kwamba msanii yuko kamili. Juu ya sauti ya mwanamke hakuandika kitu. Mimi nilipigwa marufuku kuingia chumba cha kanda maisha yangu yote, na sijali, kule kuna joto. Tangu siku hiyo Chidambar amepiga kila kipindi chake, na Alhamisi hii saa moja asubuhi atapiga cha mwisho, halafu tutamvisha shali, tutampa nazi, na atatoka kwa mlango wa mbele, filimbi saba mkononi, kama alivyoingia. Shati nimeangalia, limepigwa pasi pande zote.

Anarudi Kadlimatti. Nyumba ya baba yake imepakwa chokaa, na uani amefunga nyati wa miaka mitano ambaye bado hajapewa jina. Anasema atamsikiliza kwanza.

Chidambar, ndugu yangu, kituo kinakushukuru, na mimi nakushukuru kwa kutonitukana siku ile ya Sankranti, ulikuwa na haki. Mianzi yako isipasuke kwa joto la Mei. Maziwa yasikosekane kwenye chai yako. Ukihitaji tanpura tuma neno, basi la Kadlimatti linapita mbele ya nyumba yangu, na mimi sistaafu mara mbili.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Asiyeamini amwulize Daktari Kamat juu ya duka la vyombo vya shaba. Amwulize Gangavva, picha imerudi ukutani na shada sasa limefungwa kwa uzi upande wa mumewe. Na asiyewaamini hao wote, Alhamisi aje amchekeshe Chidambar. Atakapofungua kinywa mtaona wenyewe, la kushoto limelala juu ya la kulia.

Ningappa Talwar, tanpura